Punje ya Nne

Jumapili, mwezi wa sita. Baridi kavu, anga tupu.

Asubuhi nilivaa sweta mbili kwenda misa, na bado meno yaligongana wakati wa mahubiri. Sasa ni saa kumi na moja jioni. Nimekaa kwenye ngazi za nyuma, pale jua linapochelewa kuondoka, na vidole vyangu bado vinanuka vanishi.

Nina jambo la kuungama. Nimekwisha kulisema kwa mtu aliyepaswa kulisikia, lakini mimi jambo lisipoandikwa naliona kama halijaisha.

Nianze na Mama Mukubwa. Ni dada mkubwa wa mama yangu, na nyumba yake iko kwenye avenyu yetu hapa Kamalondo. Alifundisha shule ya msingi miaka mingi sana. Nusu ya watu wazima wa mtaa huu bado wanaficha mikono mifukoni wakimwona, kana kwamba ataangalia kucha zao. Nyuma ya nyumba yake kuna banda la mabati ambalo sisi sote tunaliita ateliye. Marehemu mume wake alikuwa fundi wa umeme kwenye karakana ya kampuni ya migodi, na kazi yake ilikuwa kuzungushia waya mpya wa shaba kwenye mota na transfoma, tunazoziita transfo, zilizoungua. Siku za Jumapili aliifanya kazi hiyohiyo nyumbani kwa kuipenda tu, na mke wake alikuwa akimshikia waya. Alipofariki, watu walidhani banda litakuwa la kufugia kuku.

Mama Mukubwa alilifagia, akaingia, akakaa kwenye kiti cha mume wake.

Sijui kama naweza kueleza jinsi ninavyopenda kumtazama akifanya kazi. Ana mashine ya kuzungushia waya aliyoitengeneza mwenyewe kwa pedali ya baiskeli na kipande cha mti wa mukwa. Akinusa feni iliyoungua anakuambia kama iliungua polepole au kwa mara moja. Koleo, patasi na bisibisi zimetundikwa ukutani, na kila moja imechorewa umbo lake kwa chaki, hivyo kifaa kikikosekana ukuta unakisema. Watu wanamletea vitu ambavyo mafundi wa barabarani wamevikataa: pasi, redio, feni za bibi zao. Anavipokea kama wanafunzi waliofeli mwaka, bila kuuliza kosa ni la nani.

Kazi hii inataka hesabu. Transfo yenye mizunguko mia nane themanini ikipata mia saba themanini itaimba, itapata moto, mwisho itaungua, hasa na umeme wetu huu unaoruka kama mbuzi. Kwa hiyo Mama Mukubwa ana utaratibu wake. Anahesabu kwa sauti, kwa Kiswahili, ingawa sisi wote hapa tunahesabu kwa Kifaransa. Anasema Kifaransa kinamkimbiza ulimi. Kila akifika mia, anaweka punje moja ya mahindi kwenye sahani ya bati, halafu hesabu inaanza tena kwenye moja. Punje inayofuata anaiweka shavuni mapema, ili asiitafute. Na anayehesabu hasalimu mtu. Ukipiga hodi, anakujibu kwa namba aliyofika.

"Hodi, Mama!"

"Makumi tano na tatu!"

"Haya, endelea, tutarudi!"

Avenyu nzima inajua. Watoto wanamwita Mama Makumi Tano, na yeye anacheka.

Mwezi uliopita alitengeneza chaja ya betri ya kwaya ya parokia. Iliungua jioni ileile, katikati ya mazoezi, na moshi ukajaa hadi soprano wakatoka nje. Hakuna aliyemlaumu. Lakini Mama Mukubwa alirudi nyumbani akiwa mdogo, sina neno lingine. Alisema macho yake yamekwisha.

"Nafanya moja ya mwisho," aliniambia. "Ile ampli ya Muze Ramazani. Nilimupatia neno langu. Kama na yenyewe inaungua, nafunga ateliye. Batoto yangu balishasema tangu zamani, mama pumzika."

Kisha akaniomba niwe macho yake. Mimi! Mtu wa vitabu, ninayesoma Kilatini, ninayevuka barabara nisikutane na mtu ninayemfahamu. Nilikubali kwa kichwa.

Muze Ramazani ni mshonaji, mzee wa familia zilizotoka Maniema. Ampli yake, kikuza sauti cha santuri, ni ya zamani. Mke wake miguu imemkataa na hatoki tena nyumbani, na kila Jumapili mchana mzee alikuwa akimpigia sahani za santuri, wanasikiliza pamoja mpaka chai inapoa. Tangu transfo ife, nyumba yao ni kimya.

Alhamisi nilitoka shule nikaenda moja kwa moja bandani. Mama Mukubwa alinikagua mizunguko hamsini ya kwanza, akaona waya unalala vizuri, akaenda kununua makala, makaa ya kupikia. Nilibaki peke yangu na pedali. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata darasani. Waya mwembamba kama unywele, rangi ya asali, ulijipanga mstari kwa mstari, na sauti yangu mwenyewe ilihesabu bila kutetemeka, kwa sababu hakukuwa na wa kuisikia.

Nilikuwa nimefika sitini na saba, punje inayofuata ikiwa shavuni.

"Hodi! Hodi humu ndani!"

Muze Ramazani hakusubiri. Aliinamisha kofia yake chini ya bati akaingia.

"Eh, mutoto yetu! Uko muzima? Na mama yako? Na baba eko muzima? Masomo inaenda?"

Nilipaswa kumjibu "sitini na saba." Nilijua. Lakini kumpigia mzee kelele ya namba usoni? Mtu anayenizidi miaka hamsini, na mimi nimekaa? Nyumbani nilifundishwa mkubwa akikusalimu unasimama, unapiga magoti kidogo, unapiga viganja taratibu. Na huwezi kumjibu mkubwa na kitu mdomoni. Basi nilisimama. Nilitoa punje shavuni, nikapiga magoti, nikapiga viganja, nikajibu habari za kila mtu, mmoja mmoja. Aliridhika, akasema asante, akaenda zake.

Nilipokaa, sitini na saba ilikuwa bado kichwani, wazi kabisa. Sahani ilikuwa na punje nne.

Lakini punje ya shavuni ilikuwa wapi?

Kama niliiangusha chini, basi zile nne zilikuwa za kweli, na nilikuwa kwenye mia nne sitini na saba. Kama niliitupa kwenye sahani ili viganja viwe huru, basi za kweli zilikuwa tatu. Nilitafuta chini. Sakafu ya banda lile ina punje za miaka yote.

Nikachagua nne. Naandika sababu: haikuwa kwa kukumbuka. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na nne ilikuwa karibu zaidi na mwisho.

Mama Mukubwa alirudi na gunia lake, nikamwambia mia nane themanini, imekamilika. Aliigeuza bobini yenye waya mkononi, akapitisha kidole juu ya waya. "Kazi ya muzuri," alisema. "Baba Mukubwa wako angekupenda sana."

Hiyo ndiyo sentensi iliyoninyima usingizi.

Ijumaa shuleni sikusikia chochote. Nilikuwa nikiona moshi kwenye sebule ya Muze Ramazani. Nilikuwa nikimwona Mama Mukubwa akifuta zile chaki ukutani, akiamini ni macho yake, akifunga mlango kwa kosa ambalo si lake. Na nilijua kitu kibaya zaidi: hakuna ambaye angewahi kufahamu kwamba ni mimi.

Saa nane nilikuwa mlangoni kwake. Alikuwa anakata karatasi za kutenganisha waya, tayari kwa sehemu ya pili.

"Mama Mukubwa, nilipoteza hesabu."

Nilisema yote bila kupumua, pamoja na kofia ya mzee na punje ya shavuni. Aliniacha nimalize. Hakuuliza kwa nini sikusema jana. Aliweka mkasi chini.

"Punje mwenyewe, ulipeleka wapi?"

"Sijui, Mama."

"Eh, bana! Labda ulikula."

Na akacheka, akanisogezea kigoda. "Leta bobini. Tunafungua yote. We hesabu mu roho yako, na mimi mu roho yangu. Hakuna kusema mupaka mwisho."

Tulifungua. Yeye alivuta waya polepole na kuuzungusha kwenye kopo ili usivunjike, mimi nikazungusha bobini kinyume. Kazi ya mchana mzima ilirudi nyuma mbele ya macho yangu. Watu walipita, wakapiga hodi, Mama Mukubwa akainua mkono tu. Nilipenda jinsi mkono wake haukuharakisha. Hakukuwa na hasira ndani yake, hata ile inayofichwa.

Mwisho wa waya ulitoka. Tukaangaliana.

"Sema," alisema.

"Mia nane makumi nane."

"Na mimi. Mia nane makumi nane."

Ilikuwa sahihi. Tangu mwanzo ilikuwa sahihi! Tulikuwa tumebomoa kitu kizuri bure. Machozi yalinijaa, na nikaomba samahani, safari hii kwa kusema ukweli, ambayo ni samahani ya ajabu sana.

Mama Mukubwa alishika kopo la waya kwenye mapaja, akalitazama.

"Numbi, sikia. Ile chaja ya kwaya. Haikukuwa macho."

Sikuelewa.

"Macho iko nachoka, ndiyo. Lakini ile siku nilikuwa naona vizuri. Mutoto ya jirani alianguka pale inje, akalia, nikageuka. Kurudia, hesabu imeenda. Nikajua nimepoteza, sawa vile we ulijua. Nikasema, eh, itaenda. Kufungua yote? Nikasikia uvivu, nikasikia na haya. Kiisha moshi ikatoka, nikaambia bantu bote: macho, macho. Hata batoto yangu. Hata Mungu, kidogo."

Alipangusa pua kwa mgongo wa mkono.

"We ulifungua yako. Mimi yangu sikufungua."

Sijawahi kusikia mtu mkubwa akiongea hivyo na mtoto. Walimu wangu hawaongei hivyo. Baba yangu, ninayempenda, akikosea njia anasema barabara imehamishwa. Ningedhani heshima yangu kwake ingepungua hata kidogo baada ya maneno yale. Iliongezeka, na bado sijui iongezeke mpaka wapi.

Jana tulizungusha tena, kwa zamu. Sehemu ya pili, yenye waya mnene, aliifanya yeye, na miwani ikimteleza puani. Tukapaka vanishi, tukaiweka karibu na jiko la mbabula lenye makala machache ikauke.

Leo baada ya misa nilifikiri tunarudi nyumbani. Mama Mukubwa alinishika mkono, tukaenda moja kwa moja mpaka pale kwaya walipokuwa wanavua kanzu zao. Alisimama mbele ya kiongozi wao, mwanaume mnene aliyekuwa mwanafunzi wake zamani, na watu wote wakisikiliza, akasema: "Chaja yenu iliungua juu nilikosa hesabu, nikabadanganya ni macho. Munisamehe. Munirudishie, nitafanya upya."

Yule kiongozi aliinama kidogo.

"Mama, tutaleta. Lakini siku ya kuiwasha, soprano batasimama inje ya kanisa!"

Walicheka wote, na soprano walicheka kuliko wengine. Yeye pia alicheka, lakini mkono wake ulikuwa umeubana wangu sana. Wakati huo ndipo nilipoelewa kwamba na yeye huwa anaogopa watu. Miaka yote hii, ubaoni, mbele ya madarasa yaliyojaa.

Mchana tulipeleka ampli. Kabla ya kuichomeka ukutani, Mama Mukubwa aliunganisha balbu kwenye njia ya umeme. Alinieleza: balbu ikiwaka kwa nguvu, transfo ni mbovu, inanyonya umeme wote, ikififia, ni nzima. Mke wa Muze Ramazani alikuwa ameketi kwenye kiti chake, amevaa kitenge kipya. Sikuweza kuitazama balbu. Nilitazama miguu yake iliyovimba, na viatu alivyovaa ingawa haendi popote.

"Numbi, inua macho," alisema Mama Mukubwa.

Balbu iliwaka nusu ya pumzi, ikafifia mpaka ikabaki uzi mwekundu.

Aliitoa, akachomeka ampli moja kwa moja. Tulisubiri dakika kumi huku kiganja chake kikiwa juu ya transfo, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Vuguvugu, alisema. Vuguvugu tu. Ndipo Muze Ramazani akashusha sindano kwenye sahani, magitaa yakaingia, na mke wake akafunga macho, akaanza kutikisa kiatu kimoja.

"Basi, Mama," mzee alisema kwa sauti ya kuushinda muziki, "sasa unafunga ateliye? Banasema ni kazi yako ya mwisho."

"Nafunga nini? Kwaya iko naningojea." Akanisukuma mbele kidogo. "Na huyu alizungusha. Si mimi peke yangu."

Mzee alinitazama, na mimi, kama kawaida, nilitazama sakafu.

Najiuliza jambo moja tangu tuliporudi. Mimi nilisema ukweli nikiwa na miaka kumi na sita, kwa mtu mmoja anayenipenda, ndani ya banda. Hiyo haikuwa ngumu kama nilivyodhani. Je, nikifika umri wake, nikiwa na jina na miwani na watu wanaonyoosha mgongo nikipita, nitaweza kusimama katikati ya kwaya nzima?

Kesho nikitoka shule sipiti nyumbani kwanza. Chaja italetwa saa tisa, na tumekubaliana kuifungua pamoja.