Karatasi ya Aline Niliyoificha

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Epifania Tharsisi (Mama Vestina). Umri: miaka 51. Kabila: Mha. Dini: Mkatoliki. Kazi: mama wa nyumbani. Makazi: nyumba ya kupanga, Murubona, Kasulu mjini. Tarehe 14/5/2025, saa 3:20 asubuhi.

Tumsifu Yesu Kristo, afande. Poleni na kazi. Na hicho kikohozi chako kinaendeleaje? Mimi nimeishia darasa la saba, nitasema kama nilivyoona.

Aline Manirambona ni mpangaji mwenzangu. Tuko familia sita, uwanja mmoja, na akina mama tunafagia kwa zamu. Mumewe, Niyonkuru, anajenga nyumba huko Kakonko, hurudi mwisho wa mwezi. Aline alijifungua mwezi wa tatu. Tangu Pasaka hakushika ufagio tena. Anakaa mlangoni, mtoto analia, yeye anaangalia ukuta.

Kwetu asiyefagia zamu yake hasemeshwi. Mwanaheri, wa chumba cha pili, alikuwa anapaza sauti makusudi: "Malkia ameamka? Mleteeni kiti!" Nami nilicheka, afande. Andika kwamba nilicheka.

Mnamo tarehe 2/5/2025, saa 8 mchana, Aline aliingia kwangu na karatasi ya kliniki. Kusoma Kiswahili kunamshinda. Akasema, "Mama Vestina, nisomee. Nesi kaniuliza kama ninalala, nikalia tu. Mtoto nikimshika ni kama nimeshika wa mtu mwingine."

Iliandikwa aende hospitali, kwa daktari wa afya ya akili. Nilishtuka. Nikaona wenzetu watamwita kichaa, na Niyonkuru atamrudisha kwao Mabamba bila mtoto. Nikamwambia, "Wameandika ule vizuri, upumzike."

Akauliza, "Ni hayo tu, mama?"

Nikasema ni hayo tu. Karatasi nikaifungia sandukuni, tukasali rozari siku tisa. Nilimpenda, na nilidhani namsitiri.

Jana tarehe 13/5/2025, saa 6:40 mchana, nilimwona akimlaza mtoto kwenye kaunta ya duka la Asia, jirani yetu. Alikuwa amemwogesha, amemfunga vizuri. Asia akasema, "We mama, hapa ni dukani, siyo kitandani!" Aline akajibu, "Kwako atapata mtu wa kumchekea," akaondoka. Asia akawapigia simu ninyi polisi. Saa 10 jioni mlimkuta stendi, hana mzigo wala nauli, mkamleta hapa mahabusu.

Mnasema amemtelekeza mtoto. Sheria siijui. Najua aliomba msaada, na jibu lake nililifungia mimi. Karatasi hii hapa. Naomba daktari amwone kabla ya mahakama. Mtoto mliyenikabidhi ninaye mgongoni, tangu jana maziwa ya kopo anayatema. Naomba mnijibu mapema, leo hii, kama naweza kumpeleka kwa mama yake anyonye.

Hayo ndiyo maelezo yangu, niliyoyaona na niliyoyatenda.

Sahihi: E. Tharsisi

Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekiri ni sahihi na kusaini mbele yangu saa 4:15. Karatasi ya rufaa nimeipokea. Saa 4:40, kwa ruhusa ya mkuu wa kituo, mtoto amepelekwa kwa mtuhumiwa. Mtuhumiwa hakunyoosha mikono. Shahidi alimshikia mtoto, akanyonya. Gari la kwenda hospitali limeombwa.
Koplo Nurudini