Watoto wa Kobe wa Verna

Jumamosi, 30 Agosti 2003

Watatu wametoka mayaini. Yai la nne limeoza, nimelifukia nyuma ya ghala. Kila mmoja kama kifuniko cha chupa ya soda, udongo bado puani. Nimeendesha lori majimbo arobaini na nane ya Marekani, nimeona kila kitu, lakini leo nimepiga magoti kuwatazama kama bwana harusi.

Nimewaandalia saladi, stroberi, maji kwenye kisosi. Kifalme. Hawakugusa.

Nimepita ghalani. Ndani ya lile gunia kuna kitu kinakwaruza tena. Panya. Ni panya tu.

Jumatatu, 1 Septemba

Otha, jirani yangu, kaja kuona. Nilishamwambia Arkansas nzima hakuna anayewajua kobe kama mimi. Katazama sinia langu, kauliza kama nimefungua mkahawa.

"Mzee, hawa si sungura. Kobe mchanga anataka kinachotembea, tena akiwa amejificha."

Basi saladi nje. Udongo, majani makavu yaliyoloweshwa, nyungunyungu waliokatwakatwa, na vile vidudu vya chini ya magogo vinavyojiviringa. Maganda ya mayai ya kuku yasagwe, yanyunyizwe juu. Maji yasipite kidevu, watazama.

Kauliza mayai niliyapata wapi. Bustanini, nikasema. Uongo wa kwanza niliusema Juni. Huu ni mjukuu wake.

Jumatano, 3 Septemba

Wawili wamekula! Mmoja kapigana na nyungunyungu mpaka kaanguka chali. Mdogo hataki. Kobe wakubwa wakiogopa hujifunga kama kasha, yeye bawaba ya tumbo haijakomaa. Anajikunyata tu, miguu nje.

Verna kaja na nyanya. Mjane wa kaka yangu Doyle. Kawapenda mno hawa wadogo. Kisha:

"Shemeji, bibi yangu mwaka huu hajaja kula nyanya."

Bibi yake ni kobe. Huku milimani nani hajawahi kumchora kobe tumboni kwa kisu cha mfukoni, herufi zake na mwaka, akamwachia aende? Doyle alichora D na V, 1959, wiki aliyomchumbia. Miaka tisa sasa Doyle yuko chini, na kila kiangazi kobe alikuwa anakuja na majina yao.

"Labda kaolewa mbali," nikasema.

"Kwa umri ule? Basi na mimi nina matumaini."

Tukacheka. Alipoondoka nikazifunika nyanya zake kwa gazeti.

Ijumaa, 5 Septemba

Acha iandikwe mahali.

Ilikuwa Juni, nakata majani kwa trekta, naimba. Kabla ya kukata, Doyle alikuwa akilitembea shamba zima kwa miguu, anaokota kobe, anawaweka kwenye ndoo mpaka kazi iishe. Verna alinikumbusha asubuhi ile ile. Mimi, dereva bingwa, nitembee kwa nini?

Kishindo kidogo. Kama kukanyaga kikombe.

Mgongo ulipasuka wote. Tumbo likabaki zima, D na V zikisomeka. Na ndani mayai manne, hayana hata ufa. Niliyatoa kwa vidole hivi, nikayafukia kwenye kopo la kahawa, upande wa juu nimeutia alama ya penseli yasigeuke. Gamba nikalitia kwenye gunia.

Nilijiambia: watoto wakishakula wote, namwambia Verna.

Mdogo bado hataki kula. Ananitazama kwa jicho moja. Doyle alikuwa akinitazama hivyo mezani nikidanganya.

Leo nimefungua gunia. Hakuna panya. Nimelifunga mafundo mawili. Sijafika jikoni, kukwaruza kumeanza tena.

Jumapili, 7 Septemba

Verna kaja moja kwa moja kutoka kanisani. Kaleta kisu cha Doyle.

"Kaa nacho. Magamba yao bado laini. Miaka kumi ijayo utawachora wewe, mimi sitakuwepo."

"Utanizika mimi kwanza."

"Wewe? Kifo kitakukimbia, kitachoka kukusikiliza."

Kamchukua Mdogo kiganjani. Kachoma kipande cha nyungunyungu kwenye kijiti cha meno, akakitikisa polepole mbele ya pua. Mdogo akanyoosha shingo. Akang'ata.

Wote watatu wamekula.

Nikafungua kinywa nimwambie. Yeye akasema majani yao yananuka, yabadilishwe. Kaniwekea Mdogo mkononi, akatoka kwenda ghalani kuchukua gunia la majani makavu.

Ghalani magunia ni mawili, na moja lina gamba.

Naandika kwa mkono mmoja. Dirisha liko wazi, ningeweza kumwita. Sauti yangu imewahi kusimamisha malori ng'ambo ya barabara kuu.

Mlango wa ghala uko wazi. Kukwaruza kumekoma, mara ya kwanza tangu Juni. Vidole vya Verna vina baridi yabisi, mafundo mawili yatamchelewesha.

Mdogo amemaliza. Anafungua mdomo tena.