Mume Wangu Anamkonyeza Muuza Samaki

Mpendwa mshauri Bi Hermelinda, naomba msaada kabla sijafanya jambo la aibu sokoni, maana tangu ngoma ya vinyago vya mashetani ya Siku ya Wafu ilipomalizika mume wangu Nabor ameanza kukonyeza wanawake, na wa kwanza niliyemwona kwa macho yangu akimkonyeza ni Obdulia, yule mjane anayeuza samaki kwenye gari lake, naye akacheka mbele ya watu akasema, “Nabor, hilo jicho linaniita au linaniaga?” na mume wangu akajibu, “Jicho gani?” kama malaika, na tulipofika nyumbani akaapa kwa roho ya marehemu babake kwamba hajamkonyeza mtu, huku jicho la kulia limelegea nusu linanikonyeza mimi, na ujue kwamba mwaka huu yeye ndiye aliyekuwa Shetani Mkuu, akavaa kile kinyago kizito chenye pembe za paa na ndevu za mkia wa farasi, akawa anakirusha kichwa huku na huku ili awashinde mashetani wa mtaa wa chini, akarudi akilalamika kwamba shingo na kichwa vinamuuma upande wa kulia, nikamwambia ni dhambi inayomuuma, na sasa anamkonyeza kila mtu, amemkonyeza padri alipokuwa akipokea komunyo, amemkonyeza punda wa jirani, nami naona ni hila tu ili tusijue hasa anamkonyeza nani, na mboni ya jicho hilo imekuwa ndogo kuliko ya pili kama ya mtu anayeficha jambo, na juzi kikombe cha uji wa mahindi kilimponyoka mkono wa kushoto na ulimi ukawa mzito kama wa mlevi ingawa hakuwa amelewa, halafu punde si punde akawa mzima akaomba uji mwingine, nikajua anatafuta huruma, nikamhamishia kwenye kitanda cha wavu kibarazani, lakini mama mkwe, Bi Crescencia, anamtetea, anasema, “Mwanangu hakonyezi, alivua kinyago akiwa na jasho akapigwa na upepo, na wewe mke gani usiyejua upepo,” ameshampitishia yai na majani ya mrehani usoni, na Jumamosi anamleta Mzee Odilón, mnyoosha viungo, aizungushe shingo mpaka ilie ili upepo utoke, basi nishauri, nimwache Mzee Odilón amalize kazi yake kwanza au nianze na Obdulia.

Eufrosina, mke wa Shetani Mkuu

*

Eufrosina, mwanangu, barua yako ina nukta moja tu, nayo iko mwishoni. Ungeweka nyingine baada ya kile kikombe cha uji, ungevuta pumzi, na katika pumzi hiyo ungetambua kwamba umeolewa na mgonjwa, si mhuni. Mhuni hamkonyezi punda.

Nakiri kwamba nilicheka nilipofika pale pa padri katika barua yako. Kisha nikamsomea mpwa wangu, ambaye ni daktari, na yeye hakucheka. Aliniuliza, “Shangazi, huyo mtu yuko wapi sasa hivi?” Nikamjibu, “Yuko kwenye kitanda cha wavu, amefukuzwa.” Hukuandika namba ya simu, kwa hiyo nakujibu leo hewani kabla ya wote waliokutangulia.

Sikiliza. Kila upande wa shingo una mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ubongo. Kichwa kilichobeba mzigo kikirushwa kwa nguvu, utando wa ndani wa mshipa huo unaweza kuchanika. Damu huingia katika mchaniko na kuganda, na bonge lake likichomoka hupanda hadi ubongoni. Hicho ndicho kiharusi. Neva ya jicho hupita kando ya mshipa huo. Ikibanwa, ukope hulegea na mboni husinyaa. Mpwa wangu hawezi kuapa kabla ya kuona picha za mishipa, lakini anahofia kwamba siku ya kikombe kiharusi kilibisha hodi kikaondoka. Safari ya pili huenda kikaingia bila hodi.

Bi Crescencia, najua nawe unasikiliza. Katika nyumba hiyo ni wewe peke yako uliyemwamini mwanao, na hukukosea. Lakini hili si la upepo. Shingo ya Nabor ikilia Jumamosi, huenda Jumapili mkalia ninyi. Mwambie Mzee Odilón abaki kwake.

Mtoeni Nabor kwenye wavu. Asikandwe, asizungushwe shingo, asiguse kinyago, asiendeshe gari. Apelekwe leo hospitali kubwa yenye mashine ya kupiga picha za mishipa, na wewe Eufrosina umwambie daktari habari za ngoma, shingo, jicho na kikombe. Za Obdulia zibaki nyumbani. Dawa ya kuzuia damu isigande ipo, lakini aitoe daktari. Msimpe kidonge cha dukani. Mkono ukilegea tena, mdomo ukienda upande au maneno yakimshinda, iteni gari la wagonjwa papo hapo, hata kama baadaye ataomba uji.

Kama sasa hivi hamna gari, umeniandikia mwenyewe nani analo. Nenda ukamwombe, tena kwa adabu. Wivu ukikuzidi njiani, kaa wewe katikati yao. Zima redio, uende.