Magunia ya Makumbi

Jumatatu, 2 Septemba 1974
Leo Mwenyekiti Fakihi kanikabidhi duka la ushirika la kijiji. Eti kanichagua kwa ajili ya mikeka yangu – mikono inayojua kupanga ukili itajua kupanga bidhaa. Bidhaa zenyewe ziko wapi! Sabuni, viberiti, chumvi, khanga chache. Basi. Nimefuta vumbi, nikapanga sabuni na viberiti kwa milia kama ya mkeka wa harusi. Watu wanaingia kutazama tu. Shangazi Somoe kasema duka limepambwa kama bibi harusi, sasa bwana yuko wapi? Nimecheka mpaka machozi. Nina furaha, sitaficha.

Jumanne, 10 Septemba
Keshokutwa anakuja mgeni mkubwa kutoka wilayani. Mwenyekiti hataki akute rafu tupu, ataaibika. Kaniambia nipambe. Nikamwonyesha magunia matupu ya sukari kule nyuma – tukiyajaza makumbi ya nazi na kuyashona midomo, nani atajua? Akanitazama, akatabasamu. Nimeshona kutwa nzima, mlango umefungwa. Nimeyapandisha mpaka karibu na dari, yamependeza kweli. Walioyaona jioni wameambiwa na Mwenyekiti kuwa ni sukari ya Ramadhani, itagawiwa mwezi ukiandama. Mimi nilikuwapo.

Ijumaa, 13 Septemba
Mgeni alikuja jana. Alisifu milia ya sabuni, akaniuliza jina. Mwenyekiti alisimama mbele ya magunia muda wote, asiyasogelee mtu. Kisha mkutanoni, mbele ya kijiji kizima, mgeni akasema tumejitosheleza, kwa hiyo mgao wetu wa sukari utakwenda Kilangala, kwa wenzetu wasio nacho. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti naye akapiga. Mikono yangu ilikuwa mizito kama si yangu.

Jumatano, 18 Septemba
Mwezi umeandama, tumeanza kufunga. Tumefuturu uji mkavu, bila sukari. Kila anayepita dukani ananiuliza lini, nami najibu Mwenyekiti ndiye ajuaye.

Alasiri nilimwendea kwake. Nikamwomba awaambie watu ukweli, au apeleke habari wilayani sukari irudi. Alikuwa anatia udhu. Hakupandisha sauti.

“Nani alishona yale magunia, Mboni?”

Nikasema mimi, lakini yeye ndiye aliyeniambia nipambe.

“Nilikwambia upambe. Nilikuletea sukari, mgeni kaiona, kijiji kimeiona. Kama leo ndani mna makumbi, sukari umeipeleka wapi?”

Akaendelea kuosha miguu.

Nimerudi nimekaa tu. Muuza duka wa Kinjumbi mgambo walimchukua mwaka jana kwa kosa la ulanguzi, mpaka leo mkewe hajui yuko wapi. Naogopa.

Alhamisi, 19 Septemba
Nimemweleza Shangazi Somoe kila kitu. Kacheka! Anadhani natafuta njia ya kuwanyima watu. Kasema wenye duka wote ni hivyo hivyo, wakishakaa nyuma ya meza wanaota ubahili, lakini mimi damu yake, hawezi kukubali niwe hivyo. Niliapa. Akaniambia nisiape uongo katika mwezi huu.

Ijumaa, 20 Septemba
Naandika hapa hapa juu ya meza ya duka. Mlango nimeutia komeo kwa ndani. Watu wametoka msikitini wakaja moja kwa moja. Namsikia Mwenyekiti akiwapanga mstari – subira, waumini, sukari ipo, mwenye ufunguo yumo ndani.

Nimechungulia. Hakuna aliyekasirika. Wanataniana, wana mabakuli, wana makopo, mwingine kaja na sufuria. Wangekuja na marungu ningeogopa kidogo kuliko hivi. Mgambo wawili wamesimama kando ya ukuta. Wao hawana bakuli.

Shangazi Somoe ndiye wa kwanza. Anagonga polepole.

“Mboni mwanangu, fungua. Na mimi usinizidishie, watasema unapendelea.”