Mkaa Niliotaka Kuukuta Kwenye Sinki

Jumamosi, Julai. Mvua imeanza saa nane mchana na baridi ya Eldoret imeingia mpaka kwenye mifupa. Nimekaa jikoni na sweta mbili. Mikono yangu bado inanuka, na nimeiosha mara nne.

Nisipoandika leo, sitaandika tena.

Sinki ya jikoni ilikuwa imeziba wiki tatu. Maji yalikuwa yakisimama, yakishuka kidogo kama mgonjwa anayelazimishwa uji, kisha yakirudi na harufu. Mtu mwingine angesema ni uozo tu. Mimi nilinusa moshi. Moshi wa ule mti ambao mama mkwe wangu alikuwa akiuchoma ili apate mkaa wa kusugulia vibuyu vyake vya maziwa.

Watoto walimwita Gogo, yaani nyanya kwa Kikalenjin, nami nikafuata. Alikuja kukaa nasi hapa Yamumbi baada ya kubaki peke yake shambani Kiplombe. Alikuja na nguo mfuko mmoja na vibuyu vinne, kwa sababu mursik ya dukani, yale maziwa yanayogandishwa kwa mkaa, hakuihesabu kuwa maziwa. Kibuyu kikiisha maziwa alikiosha kwa maji moto na ufito wake wa kusugulia, na maji meusi yakashuka kwenye sinki yangu.

Naam, sinki yangu. Nimezaliwa mtaa wa Huruma, binti wa mwenye duka aliyetoka Nyeri, na utoto wangu wote tuliosha vyombo kwenye karai mlangoni. Maji machafu, mafuta, makombo, vyote tulimwaga mtaroni na mvua ikabeba. Kwa hiyo mume wangu Kibet alipojenga nyumba yenye sinki ndani, nilijiona malkia. Niliipangusa mara tatu kwa siku na mtu akiikaribia nilimwangalia kwa jicho la pembeni.

Mwaka jana ikaziba. Fundi akaingiza waya, akavuta tope jeusi, akaenda zake. Jeusi! Sikuhitaji ushahidi mwingine. Sikumwambia Gogo moja kwa moja, maana heshima najua. Nilimwambia mwanawe, lakini kwa sauti ya kufika chumba cha pili: "Mwambie mama yako, hii masizi yenu itatuharibia nyumba."

Nilisema "yenu".

Kesho yake asubuhi nilimkuta nje kwenye mfereji wa maji baridi uani, leso kichwani, ameinama kwenye ukungu akisugua kibuyu. Nilishikwa na aibu kidogo. Akaniangalia, akatabasamu. "Hakuna shida, mama. Huku nje hata ni kuzuri." Nikaipokea hiyo kama ruhusa na kurudi ndani kwenye joto.

Aliosha nje miezi mitano, kisha akafariki. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu zamani, na daktari alisema ni nimonia, huwapata wazee. Hakuna mtu aliyetaja mfereji. Hata kwenye matanga, watu wa familia waliponishukuru kwa kumtunza, hakuna aliyetaja mfereji.

Tangu tumzike namsikia. Alfajiri, kabla watoto hawajaamka, nasikia ufito ndani ya kibuyu, kwaru, kwaru. Kibet alisema ni tawi la avokado linakwaruza mabati. Akalikata. Bado nasikia.

Ndiyo maana sinki ilipoziba tena sikuita fundi. Nilimwaga maji moto, nikamwaga magadi, nikapampu na kile kifaa cha mpira mpaka mabega yakauma. Kufungua bomba nilikataa. Niliogopa kukutana naye humo.

Lakini nikisema ukweli wote, nilitamani pia kuukuta ule mkaa wake wa zamani, umekwama, mweusi, wa kushikika. Ningeukuta, ningekuwa na haki. Ningelala.

Leo Kibet alipowapeleka watoto mjini kununua viatu, nikakinga karai chini ya sinki na kufungua kile kikombe cha plastiki cha kunasia uchafu kwenye bomba. Kiligoma. Nikakigonga na spana. Likaanguka donge zito.

Juu lilikuwa na utelezi mweusi, kama lile tope la fundi. Nikalikata kwa kisu. Ndani lilikuwa jeupe pe.

Mafuta. Mafuta ya kupikia yaliyoganda kama sabuni ya mche, na ndani yake majani ya chai na vipande vya unga wa mandazi. Mandazi nakaanga mimi. Mafuta yakichakaa nayamwaga mimi, kwenye sinki, jinsi tulivyoyamwaga mtaroni Huruma. Nililikata lile donge tabaka kwa tabaka, nimepiga magoti, nikitafuta hata chembe moja ya mkaa. Sikupata. Na Gogo hajaosha kibuyu humu mwaka mzima.

Kibet aliporudi alinikuta bado sakafuni. Nikamwonyesha karai.

"Ni mimi," nikamwambia. "Si mama yako. Ni mafuta yangu."

Aliinama akaliangalia lile donge. Sikuona mshangao usoni mwake, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

"Mama alijua," akasema. "Alikuwa anakuona ukimwaga."

"Na hamkuniambia?"

"Alinikataza. Alisema mwanamke haaibishwi jikoni kwake. Akasema wacha tu, atakuja kujua mwenyewe."

Akachukua karai akaenda kumwaga nje. Hakunilaumu. Heri angenilaumu.

Sasa natafakari lile tabasamu la mfereji. Alijua, na bado aliinama pale kila alfajiri ili mimi nisione haya. Na mimi wakati huohuo nilikuwa nikiwaambia wanawake wa chama chetu kwamba mama mkwe wangu na vibuyu vyake ameniharibia bomba. Walicheka, nikacheka nao. Siku ya mazishi walikuja kutusaidia kupika, na mmoja akaninong'oneza hapahapa jikoni, "Sasa sinki yako itapumua." Sikumkanya. Nilimpa kisu akate vitunguu.

Siwezi kumrudisha Gogo ndani kwenye joto. Jina lake ndilo lililobaki, na mimi ndiye niliyelichafua.

Kesho baada ya kanisa chama kinakutana hapa kwangu. Nimeamua nitasema kabla chai haijamiminwa, wote wakiwa wameketi. Nimejifunza maneno yenyewe jioni yote: Si yeye. Ni mimi. Mara tatu nimejaribu kuyatamka kwa sauti na sauti imekataa.

Yeye alinyamaza miezi mitano kwenye baridi kwa ajili yangu. Mimi kweli nitashindwa na maneno manne?