Sentimita Tatu za Baba

Jumanne. Joto, na vumbi jekundu linapeperuka tangu asubuhi. Nimefagia kibaraza mara mbili na bado miguu inaacha alama.

Ni wiki mbili tangu nirudi kutoka Misri. Nilivaa rangi za Kenya, nikapanda boriti ya jimnastiki, ule mti mwembamba wa kutembea juu yake, mbele ya majaji, nikaanguka mara tatu katika zoezi moja. Kocha alisema mwili wangu uko tayari ila moyo ni mwoga. Nikamwamini. Kufikia Ijumaa anataka jibu: niende tena kambi ya timu ya taifa Nairobi, au nafasi apewe mwingine.

Ujumbe wa kujitoa nilishauandika. Sikuwa nimeutuma.

Dukani, Mama Zuhura aliniuliza, "Bingwa, medali imezuiwa kwa kastamu uwanja wa ndege?" Nilicheka ili asiendelee. Nikarudi bila sukari niliyotumwa.

Baba ni seremala, na alikuwa amepeleka milango Maungu. Nikaingia karakana yake nyuma ya nyumba. Boriti yangu iko humo. Aliitengeneza nilipokuwa kidato cha pili, kwa vipimo alivyoandikiwa na kocha, na chini tumetandaza magunia yaliyojazwa mabaki ya mkonge. Nilitaka kuiuza kama mbao. Nikachukua tepu kuipima.

Upana, sentimita kumi na tatu.

Nikapima upande wa pili. Ni hivyo hivyo. Ya mashindano ni kumi. Ile ya Nairobi, nilipoiona nyembamba wakati wa kambi, nilidhani ni hofu inanidanganya macho. Sikumuuliza mtu. Mimi huwa siulizi.

Baba akarudi. Nilisimama kando ya boriti na tepu mkononi. Alielewa.

Alisema fundi huacha mbao izidi kidogo, kwa sababu iliyozidi hupunguzwa, iliyopungua haina dawa. Alikusudia kuipunguza nikishazoea. Lakini kila aliposhika randa alikumbuka siku niliyoanguka nikavunjika mkono.

"Nilisema mwezi ujao, binti yangu. Kila mwezi nikasema ujao."

Nilikasirika. Lakini alikuwa anaangalia mikono yake kana kwamba si yake, nikashindwa kumwambia jinsi ukumbi mzima ulivyonyamaza nilipoanguka ile mara ya tatu.

Nikasema tu, "Ipunguze leo, Baba."

Ameikata kwa msumeno, kisha akapiga randa hadi saa kumi na moja jioni. Nilishika upande wa pili isiyumbe.

Sasa upana ni sentimita kumi kamili. Nimepanda, nimetembea hatua nne, nimeanguka.

Ujumbe ule nimeufuta. Jibu jingine sijaandika. Jana nilikuwa na hakika kwamba mimi ni mwoga, na hakika hiyo ilikuwa kama kitanda. Leo sijui kama ni mimi au ilikuwa boriti; sina pa kulala. Nikienda Nairobi, na nikaanguka tena, nitajiita nani?