Ardhi Iliyosingiziwa Kutembea

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwogesha mama, nimemgeuza, nimempa uji. Mvua tangu alfajiri. Hapa Olmotonyi ikinyesha hivi hakuna pa kwenda, matope mpaka kizingitini. Nasahihisha madaftari ya kidato cha tatu kitandani kwa sababu sebule nzima ni mifuko ya saruji. Kaka Eliamani anajenga ukuta kuzunguka boma lote, na saruji isilowe. Sisi tukilowa si neno.

Nyumba ni yake, baba alimwachia. Mama alipopooza upande mmoja nilitoka Sekei nikaja kumtunza. Nilisema miezi michache. Huu ni mwaka wa tatu.

Jumapili, 9 Machi

Chakula cha mchana baada ya ibada. Kaka akaniuliza nafundisha nini siku hizi. Hajawahi kuuliza. Nilifurahi kama mtoto, nikamwaga kila kitu. Kwamba nchi za kaskazini ya mbali zilifunikwa na barafu nene kama milima, uzito ukaibonyeza ardhi. Kwamba barafu iliyeyuka zamani sana lakini ardhi bado inajiinua mpaka leo, polepole, kama godoro mtu akishaondoka. Kuna bandari kule zimebaki juu, bahari imeziacha. Na Greenland, barafu inavyopungua sasa hivi, mwamba ulio chini yake unanyanyuka, hata kando unasogea.

Wifi aliacha kula akasikiliza. Kaka akauliza, "Na kando pia?" Nikasema ndiyo, kidogo mno. Hilo la kidogo mno sidhani lilimwingia.

Jumatano, 12 Machi

Mafundi wamegoma. Ukuta umefika upande wa jirani yetu, bibi wa Kiarusha ambaye hapa kila mtu anamwita Koko. Kati yetu na yeye kuna mstari wa masale, majani yale marefu ya mpaka, na baada ya masale kuna kichochoro chake. Ng'ombe wake hawana njia nyingine ya kufika barabarani. Nyuma yake ni korongo. Kaka anataka ukuta upite ng'ambo ya masale, juu ya kichochoro.

Masale yale alipanda baba pamoja na marehemu mume wa Koko. Mmoja alishika shina, mwingine akashindilia udongo. Sisi Wachaga isale la mpaka haling'olewi. Ukoo unaweza kugombana kwa panga na asubuhi isale bado limesimama. Waarusha nao wanalijua. Fundi mkuu, wa hapahapa, akaweka mwiko chini: "Bosi, tofali napanga popote. Hayo mimi siyagusi." Wakakusanya vifaa wakaenda zao.

Nikasema moyoni, afadhali. Imekwisha.

Ijumaa, 14 Machi

Haijaisha.

Nimetoka shule mapema, naanua nguo nyuma ya banda. Kaka amepiga magoti matopeni. Yeye, mzee wa kanisa, suruali ya kazini imekunjwa, anang'oa masale kwa mikono. Anayapanda moja moja ng'ambo, karibu na miwa ya Koko. Akainua kichwa akaniona.

Nikaingia ndani na nguo mbichi.

Namchukia. Nimeandika, basi.

Jumamosi, 15 Machi

Mafundi wapya, wametokea Singida. Hawajui isale ni nini, kwao ni maua. Ukuta unapanda haraka. Dirishani kwangu nilikuwa naona Meru mpaka kileleni. Sasa naona tofali.

Jumatatu, 17 Machi

Ng'ombe wa Koko wamelia tangu asubuhi. Amewafungia, hawana pa kupita. Anakata majani ya migomba, anawabebea mgongoni, kwa umri ule. Nilimkuta barabarani nikamwamkia kwa Kimaa, "Takwenya, Koko." Akaitikia "Iko" kama kawaida, akapita na mzigo wake. Hakuniuliza chochote. Angenitukana ningelala vizuri.

Jumanne, 18 Machi

Sasa nimeelewa lile swali la mezani Jumapili ile, la kusogea kando.

Koko amemshtaki kaka kwa mwenyekiti wa kijiji. Wazee wakaja kutazama. Wakayakuta masale yamesimama pembeni ya miwa, na ukuta upande wa kwetu wa masale, kihalali kabisa. Wakamuuliza kaka nani kayahamisha. Hawezi kusema ni yeye. Mtu aliyeng'oa isale la baba yake nani atamzika? Basi akawaambia hakuna aliyeyahamisha. Ardhi imesogea yenyewe. Barafu ya Kilimanjaro inakwisha, uzito umeondoka, nchi yote ya huku inajinyanyua na kujisukuma, na masale yamekwenda nayo. Ni sayansi. Dada yangu mwalimu wa jiografia ataeleza.

Wifi amenisimulia huku anamenya viazi, hanitazami usoni. Wazee hawakucheka. Juzi juzi tetemeko lilipasua ukuta wa zahanati, na kila mtu anaona kwa macho yake kofia nyeupe ya Kilimanjaro inavyopungua. Wamesema watamsikiliza mwalimu Jumamosi.

Mdomo uliponza kichwa. Kichwa changu.

Alhamisi, 20 Machi

Kaka amekuja chumbani kwa mama wakati namlisha. Akakaa ukingoni mwa kitanda. Akasema taratibu kabisa kwamba Jumamosi nitaeleza kama nilivyoeleza mezani, wala sihitaji kuongeza neno. Kisha akamfuta mama mdomo kwa kitambaa changu na kusema, "Mama anakutegemea, dada." Akatoka.

Hakupaza sauti. Angepaza ningejua la kujibu.

Nikinyamaza, Koko anabaki korongoni na ng'ombe wake mpaka awauze. Nikisema, natolewa humu, na mama anabaki na wifi, ambaye ana roho nzuri na mgongo mbovu. Kila mlango ninaoutazama una kaka yangu mbele yake.

Ijumaa, 21 Machi

Kipindi cha nne nilitakiwa kurudia somo la barafu. Nimewapa mvua za masika wachore grafu. Sikuweza.

Jumamosi, 22 Machi

Ofisi ya kijiji, mabenchi yamejaa. Kaka amevaa suti yake ya kanisani. Koko amekaa mbele, fimbo mapajani.

Nilieleza kama mezani. Barafu, uzito, ardhi kubonyea, ardhi kujiinua. Wazee wanaitikia kwa kichwa. Kaka anaitikia kuliko wote. Ningeweza kuishia hapo. Kila neno lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja yangekuwa uongo. Niliona jinsi ilivyo rahisi. Nikatamani.

Nikaendelea. Nikasema barafu iliyoikandamiza nchi ni ya kufunika nchi nzima, siyo ile ya kileleni, ile kwa mlima ni kofia tu. Na hata kule inakoinuka, ardhi huinuka na vyote vilivyo juu yake. Nyumba, miti, makaburi, ng'ombe, vyote kwa pamoja, na mtu akae maisha yake yote asihisi. Haichagui masale ikaacha miwa.

Mwenyekiti akaniuliza, "Sasa mwalimu, ni nani ameyahamisha?"

"Kaka yangu. Nilimwona."

Mzee mmoja wa Kichaga alivua kofia akaishika magotini kama yuko msibani. Kaka alitazama viatu vyake. Nilitaka anitukane, nilitaka angalau anitazame. Nampenda yule mtu. Alinifundisha kuendesha baiskeli kwenye kile kichochoro.

Wameamua ukuta wa upande ule ubomolewe, masale yarudi, na kaka mwenyewe achukue jani la isale ampelekee Koko kumwomba msamaha. Asitume mtu.

Jumapili, 23 Machi

Sanduku langu nimelikuta barazani. Nguo zimekunjwa vizuri, ni mkono wa wifi. Niliomba nimgeuze mama kwanza. Kaka alisimama mlangoni mpaka nikamaliza. Mama alinishika kidole kwa ule mkono wake mzima, mimi ndiye niliyekitoa.

Ijumaa, 28 Machi

Sekei. Chumba kimoja, choo cha kuchangia, karibu na shule. Madirisha mawili, naona mlima wote. Sina wa kumwamsha, sina wa kumlisha, na naamka saa ile ile. Nimepika uji wa watu wawili. Nimeumwaga.

Simu ya mama anakaa nayo kaka. Haipokelewi.

Jumapili, 30 Machi

Nimekwenda Olmotonyi kumwona mama. Geti limefungwa. Wifi amesema kwa ndani kwamba ufunguo anao kaka mwenyewe, na amesafiri kwenda Terrat. Nimekaa juu ya jiwe nikangoja, nikarudi.

Jumapili, 6 Aprili

Geti limefungwa tena. Mvua imepumzika, jua kidogo.

Nilikuwa nimeshageuka niondoke. Koko alikuwa anarudisha ng'ombe. Hakuniita, alinionyesha tu kwa fimbo nimfuate. Nikapita nyuma ya ng'ombe, kichochoro kizima, tope na mavi, hadi pale ukuta ulipobomolewa. Masale yamerudi, yamelala kidogo. Nikamuuliza kama kaka ameshamletea jani. Akasema bado, yeye hana haraka. Akaenda kufunga ng'ombe wake.

Sikuvuka masale. Yalirudishwa kwa sababu yangu, nisingeyaruka. Dirisha la mama liko hapo hapo upande wa pili, mkono ukinyooshwa unafika. Nikagonga. Wifi akafungua, akatazama nyuma yake, akaliacha wazi.

Mama alikuwa amelalia upande ule mbovu, uso ukutani. Nondo za dirisha zinapitisha mkono, mabega hazipitishi. Nikamwelekeza wifi kwa sauti ya chini. Bega kwanza. Sasa nyonga. Usimvute, msukume. Akageuka.

Alinitazama. Kisha akauliza, kwa ile nusu ya mdomo, kama nimekula.

Nikamwambia nimekula.